Kipimo cha Nguzo ya Ghala

Runyenjes, Embu
9 Februari 2025

Kwa mke wangu mdogo, Maxine Rwamba, huko Nchiru kwa wasomi,

Pokea salamu za mumeo mzee, Nyamu. Mimi mzima, ila goti moja linataka kuhama lirudi kwao. Mama yako Eunice mzima pia, anasema kwenye ile picha uliyotuma shingo yako imekuwa ya korongo, kwani huko Meru hawauzi chakula? Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye maringo, tumempa jina la mke wa mchungaji lakini usiseme. Jogoo ndiye ametuangusha. Tangu mwaka jana hawiki, anatembeatembea tu uwanjani kama chifu aliyestaafu. Nimeamuru aliwe.

Kanisani nako kuzuri. Unamkumbuka mzee Ndambiri, yule anayehubiri mpaka chai ya watu wote inapoa? Zamani alikuwa ananiumiza kichwa. Siku hizi ananituliza kabisa. Nakaa pale namwangalia mdomo ukicheza, moyo wangu shwari. Nafikiri Bwana amenishika, ingawa amechelewa.

Sasa hiyo barua yako. Unalia ati unanipigia simu sishiki. Hiyo simu imeingiwa na nyuki, nimeiweka kabatini ipumzike. Wewe niandikie. Kusoma najua. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu mimi na mwalimu tulichokana siku moja, si kwa sababu ya ujinga.

Unauliza wazee wetu walikuwa wanaitaje kipimo cha wimbo. Kipimo gani, mke wangu? Wimbo unapimwa kwa debe ama kwa kamba? Unasema Waswahili wanaita mizani. Mimi mizani naijua ile ya kiwanda cha kahawa, na ile ilikuwa na dhambi kunishinda. Nieleze vizuri unataka nini na unakitakia nini. Mtu hakopeshi panga bila kuuliza linaenda kukata wapi.

Mwezi wa nne Cucu wako, nyanya yako Rwamba, anatimiza mwaka tangu tumlaze pale karibu na kahawa yake. Wewe ndiye umebeba jina lake, ndiyo maana nakuita mke na hakuna mtu wa kunishtaki. Njia ya kuja nyumbani haijafungwa. Juzi nimeipita nikaiona iko wazi.

Mwenye nyumba,
Nyamu


Nchiru, Meru
23 Februari 2025

Mume wangu mzee, Guka, babu yangu,

Shikamoo, ingawa najua utasema mke hamwamkii mumewe hivyo. Barua yako nimeipata kwa Kagwiria, yule mama wa chapati hapa kwenye geti la chuo ninayepokelea vitu vyangu, na imekuja na alama ya mafuta. Niko salama. Mwambie Mama shingo ni ya picha, chakula nakula. Hongera kwa ndama. Na jogoo mwacheni kwanza, Guka, labda ni ugonjwa.

Haya, nikueleze. Wimbo au shairi likiwa zuri, maneno yake hayakai ovyo. Kuna kitu kinayashika yaingiane na mdomo, na mkono, na mguu. Kitu hicho kila watu wamekipa jina. Waswahili wanasema mizani, na ni mizani hiyo hiyo unayoichukia: wamelitoa neno kwa Waarabu, kisha wakapima kwa njia yao, kwa kuhesabu silabi katika kila mshororo. Waarabu wenyewe hawakuhesabu tu, walisikiliza silabi ipi ni ndefu na ipi ni fupi, na kila mpangilio wakauita bahari. Neno hilo likasafiri. Waajemi wanalo, Waturuki wanalo, Wahindi wanaosema Kiurdu wanalo, na sisi tunasema bahari za ushairi. Wagiriki nao walisema kipimo tu, na ndani ya kipimo wakahesabu miguu, na Kiingereza kikaokota hapo.

Mimi naandika juu ya nyimbo za kazi za Embu. Daktari Kinya, mwalimu anayenisimamia, amesoma sura yangu ya tatu akaniuliza: "Watu wenu walikuwa wanaimba wakilima na wakitwanga kabla ya Mwarabu na Mzungu kufika. Walikiitaje? Niletee neno lao. Usiniletee la kuazima." Guka, nimeuliza watu mpaka nimechoka. Nisipopata neno, sura inaondolewa, na bila sura hiyo sihitimu mwaka huu na wenzangu. Wewe ulikuwa unaimba na Cucu. Tafadhali fikiria vizuri.

Kuhusu mwezi wa nne, tutaona. Kazi ni nyingi sana.

Wako,
Rwamba mdogo


Runyenjes, Embu
16 Machi 2025

Mke wangu msomi,

Salamu nyingi kama majani ya chai. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya makadamia, tulikuwa tunayaokota kabla wezi hawajatuokotea. Ndama anakua. Mama yako ana kikohozi kidogo, amekunywa malimau yote ya jirani. Jogoo tulimla. Alikuwa mgumu na mwenye kiburi mpaka kwa sufuria.

Barua yako nimeisoma, nikaifunga, nikaisoma tena. Hao watu wamenifurahisha. Mwarabu ana jangwa, anaita wimbo wake bahari. Mgiriki amezungukwa na bahari, anaita miguu. Kila mtu anasifu kile jirani anacho. Basi sisi Waembu wenye milima tungeita tambarare, ama vipi?

Lakini nimekuhurumia. Nisikie sasa, na usiliseme ovyo, maana neno hili wazee hawakulitoa kwa mtu ambaye hajaleta mbuzi. Kipimo cha wimbo kiliitwa gitugi. Yaani nguzo. Wimbo wenye gitugi husimama hata ukipigwa na upepo, na usio na gitugi huwaangukia waimbaji. Mtu akikosea katikati ya wimbo, wazee walikuwa wanamwambia, "Wewe umetoka kwenye nguzo, rudi." Na mwanamke anayejua kuimba aliitwa mwenye kushika nguzo. Cucu wako aliitwa hivyo mpaka Kyeni.

Umeona? Mpelekee huyo Kinya wako. Na mbuzi ni wa kwangu, mimi ndiye mzee niliyebaki.

Nimemwambia mama yako siku ya kuhitimu kwako nitavaa koti. Amesema lina panya. Nimesema panya pia watakuja.

Nyamu


Nchiru, Meru
30 Machi 2025

Guka! Guka! Guka!

Mama anaendeleaje na kikohozi? Wote wazima? Samahani, nauliza haraka haraka kwa sababu nina habari.

Guka, unajua umenipa nini? Elimu yote ya vipimo vya mashairi Waarabu wanaiita arudhi, na neno hilo liko hata katika Kiswahili. Sasa, linatoka wapi? Wataalamu wanabishana, lakini maelezo mojawapo ya zamani ni kwamba arudhi ni ile nguzo ya katikati inayosimamisha hema! Na beti, tunazoimba kila siku, kwao ni nyumba. Ushairi ni nyumba na kipimo ni nguzo yake. Kisha mzee wa Runyenjes, ambaye hajawahi kuona hema la Mwarabu, ananiambia gitugi. Watu wawili mbali hivyo, wazo moja! Nimelia katika maktaba mpaka msichana aliyekaa karibu akanipa tishu.

Daktari Kinya hakulia, yeye si mtu wa kulia, lakini alivua miwani. Ameniambia nisimame mbele ya walimu wote tarehe kumi na tano Aprili nilieleze neno hili. Nimeandika kurasa nyingi. Nimeandika ule usemi wa "umetoka kwenye nguzo, rudi". Nimeandika Cucu alikuwa mwenye kushika nguzo. Jina lako liko kwa kila ukurasa.

Kwa sababu ya hiyo siku sitaweza kuja kwa ukumbusho wa Cucu. Najua utaelewa.

Nimekupigia tena jana. Iliita tu. Nyuki bado wako?

Rwamba wako


Runyenjes, Embu
6 Aprili 2025

Maxine,

Leo sikuiti mke, nakuita mjukuu, ujue mambo ni mabaya. Wote wazima. Kikohozi kimeisha. Hayo mengine ya ng'ombe nitakwambia siku nyingine.

Hilo neno nililitunga.

Nimeandika hapo juu kwa haraka nisije nikabadilisha nia. Hakuna mzee aliyewahi kusema gitugi kwa maana ya wimbo. Gitugi ni nguzo ya nyumba, nguzo ya ghala, basi, mbuzi akifungwa hapo inatosha. Hakuna usemi wa "umetoka kwenye nguzo". Huo niliupenda nikiuandika, nikaona wazee wangeupenda pia, nikawapa. Kyeni hakuna mtu alimwita Cucu wako mwenye kushika nguzo. Alikuwa anaitwa mama Njue, kwa jina la baba yako.

Nilikuwa nimekaa nje siku hiyo na barua yako kwa magoti, nimeegemea ile nguzo ya ghala la Cucu wako. Nikafikiria, huyu mtoto amezoea matani yangu, atacheka, ataniandikia "Guka wewe", na mimi nitapata barua nyingine. Hayo ndiyo nilitaka. Barua nyingine. Sikujua Mwarabu naye alikuwa ameegemea yake.

Usisimame mbele ya wale watu na uongo wangu. Sema babu yako ni mjinga, ni kweli, waite mashahidi, Ndambiri atakuja na nauli yake mwenyewe. Hii barua siitumi kwa posta. Nampa Ndwiga anayepeleka ndizi Makutano ya huko Meru, nimemwapisha aiteremshe Nchiru kwa mkono wa Kagwiria.

Kama utakosa kuhitimu kwa ajili ya mdomo wangu, koti nalirudishia panya.

Nyamu


Nchiru, Meru
20 Aprili 2025, Pasaka

Guka,

Pasaka njema kwako na kwa Mama. Hapa mvua imeshika, matope mpaka mlangoni, Kagwiria ameweka mbao wateja wapite.

Barua yako ilikaa na ndizi. Gari la Ndwiga liliharibika njiani, na akili yake iko kwa ndizi, hiyo unajua. Kagwiria alinipa asubuhi ile ile ya tarehe kumi na tano, nikiwa nimevaa, nimechana nywele, nimeshika karatasi zangu. Niliisoma nimesimama kwenye mbao zake. Akaniuliza, "Kuna kifo?" Nikamwambia, "Bado."

Nilikasirika, Guka. Sitakuficha. Nilikasirika mpaka mlango wa ukumbi. Kisha nikaingia, nikaweka karatasi zangu mezani nimezifunika, na nikasema: "Neno ambalo nilikuwa nije kulieleza lilitungwa mwezi uliopita na babu yangu, ili nimwandikie barua nyingine." Walicheka. Mwalimu mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Daktari Kinya alingoja wanyamaze. Akaniuliza, "Lina umri gani basi?"

"Mwezi mmoja."

"Hakuna neno ambalo halikuwahi kuwa na umri wa mwezi mmoja. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni jingine. Mzee angeweza kusema jiwe. Angesema kamba, au mto. Kwa nini nguzo?"

Nikasema ulikuwa umeiegemea.

"Watu huegemea vitu vingi," akasema. "Nenda ukamuulize kwa nini ile. Kama ni mzaha mtupu, sura unaiondoa na unahitimu mwaka ujao. Kama kuna kitu, uniletee kwa maneno yake mwenyewe kabla ya katikati ya Mei."

Basi nakuuliza.

Nilimpigia Mama kwanza. Aliniambia vitu viwili. Kimoja, kwamba kila Jumamosi unamwomba atwange mahindi kwa kinu cha Cucu, hata wakati unga uko wa kutosha, na akitwanga wewe unaenda kwenye nguzo ya ghala unaiwekea kiganja, unafumba macho mpaka amalize. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Muulize mwenyewe." Cha pili, kwamba yule jogoo alikuwa anawika kila alfajiri chini ya dirisha lako mpaka majirani wakalalamika.

Sitakuuliza juu ya jogoo. Nakuuliza juu ya nguzo tu.

Na kwa kuwa wewe umesema ukweli wako, chukua na wangu. Kazi haikuwa nyingi hivyo. Sijaja nyumbani kwa sababu ninaogopa kuingia jikoni na hakuna mtu anayeimba.

Maxine Rwamba


Runyenjes, Embu
27 Aprili 2025

Rwamba mdogo,

Salamu. Tumefanya ukumbusho wa Cucu wako. Watu walikuja, wakala, wakaimba. Naambiwa waliimba vizuri.

Mama yako ni mwanamke mzuri lakini hajui kuficha jogoo.

Haya. Masikio yalianza kuniaga mwaka juzi, polepole, kama wageni wenye adabu. Kwanza ndege wakaondoka. Halafu mvua juu ya mabati. Halafu Ndambiri, na huyo sikumlilia. Cucu wako alipougua bado nilikuwa namsikia akiwa karibu, akisemea hapa shingoni. Tulipomzika nikagundua sauti yake ndiyo ilikuwa ya mwisho. Wengine wote sasa ni midomo tu. Simu ni nyuki, ni kweli, sikudanganya, ukiiweka sikioni ni mzinga. Sikutaka ujue. Mzee aliyebaki na mdomo bila masikio ni kichekesho, na mimi nimezoea kuchekesha nikitaka mwenyewe.

Sasa nguzo. Unakijua kile kinu, kimekaa pale chini ya ghala, kimegusana na nguzo tangu baba yako akiwa mtoto. Cucu wako alikuwa anatwanga hapo na kuimba. Mchi ukishuka, maneno yanasimama. Mchi ukipanda, maneno yanatembea. Hakuwa anahesabu kitu. Siku moja mwezi wa kumi na mbili mama yako alikuwa anakoboa mahindi ya sikukuu, na mimi nimeegemea pale nikijihurumia. Mchi ukashuka, na nguzo ikaniambia. Hapa mgongoni. Nikageuka nikaweka kiganja. Kishindo kizito, viwili vyepesi, halafu nafasi kidogo. Ile nafasi naijua! Ndiyo Cucu wako alikuwa anavutia pumzi. Mke wangu, wimbo wote ulikuja, neno kwa neno, ukiingilia mkononi. Nilikuwa nimeusahau. Nikauimba pale, sijui kwa sauti gani, mama yako anasema mbwa aliondoka.

Kwa hiyo uliponiuliza kitu gani kinashika wimbo usianguke, nilidhani natafuta mzaha. Nikaandika nguzo. Nilicheka sana nikiandika. Lakini mkono wangu mmoja ulikuwa juu yake, na huo haukuwa unacheka.

Mwambie Kinya hivyo. Wazee hawakusema gitugi. Nimesema mimi, kwa sababu hiyo. Kama haitoshi, haitoshi, nitakuja huko nimwegemee yeye.

Na wewe unaogopa jikoni kimya. Nani amekwambia mimi siogopi? Mimi kila mahali ni jikoni. Lakini mama yako, Mungu ambariki, anatwanga kama mtu anayeua nyoka. Ananipa kishindo, nafasi hanipi. Ile pumzi ya Cucu wako mara nyingi nalazimika kuikisia. Jina ulipewa wewe, na hata hiyo mikono ni ya kwake. Unajua nasema nini. Sisemi tena, nisije nikaonekana kuomba.

Mumeo kiziwi,
Nyamu


Nchiru, Meru
11 Mei 2025

Mume wangu,

Natumai wote mu wazima, pamoja na mke wa mchungaji na maringo yake.

Daktari Kinya aliisoma barua yako mbele yangu, polepole, akarudia pale pa mkono. Sura imepita. Ameandika kwa wino pembeni: gitugi, nguzo, kipimo cha wimbo, neno la Nyamu wa Runyenjes. Nikamwomba aongeze, na Rwamba, mkewe. Ameongeza. Koti litoe nje lipigwe jua.

Sitakwambia nakuja lini. Jumamosi moja Mama akianza kutwanga, wewe nenda mahali pako, weka kiganja, fumba macho kama kawaida. Nitampokonya mchi taratibu. Usigeuke upesi. Subiri kwanza uone kama nafasi ya pumzi imerudi.

Rwamba